Jiwe la Kuanikia Mihogo

3 Machi

Mvua za masika zimeanza, na kama kawaida zimeanzia jikoni kwetu. Maji yalishuka kutoka shamba la Ladislas, yakapita chini ya mlango wa nyuma, yakazima moto na kubeba kandambili zangu mpaka uani. Maman alikaa kitandani miguu ikining'inia, akaanza kumtaja Ladislas na ukoo wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka maji yakaisha.

Daftari hili nililinunua kwa maandalio ya masomo. Nimelibadilishia kazi. Shuleni nafundisha fizikia kwa Kiingereza, sokoni naongea Kinyarwanda cha adabu, lakini kukasirika nilijifunza Bukavu, kwa Kiswahili. Hasira zikae humu.

5 Machi

Mvua. Ladislas amepita njiani. Sikumsalimia, hakunisalimia. Siku ya kawaida.

8 Machi

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye.

Nyumba yetu iko mteremkoni hapa Gashonga, mgongo wake umeegemea kilima. Chumba cha Maman ni cha nyuma kabisa. Juu ya ukuta wake kuna migomba ya Ladislas, na katikati ya migomba kuna jiwe. Si jiwe la kukalia. Ukisimama chini yake huioni migomba iliyo upande wa pili. Juu ni tambarare kama meza, na ndipo mahali pekee katika shamba lile panapopata jua la kutosha, kwa hiyo Ladislas anaanika mihogo yake hapo, kama marehemu mkewe alivyokuwa akifanya.

Maman na Ladislas walirudi kutoka Kongo msimu mmoja. Walivuka daraja la Rusizi pamoja, wakipokezana godoro. Wakapewa viwanja, yeye juu, sisi chini. Halafu mbuzi wa Maman akala maharage ya Ladislas, Ladislas akaziba njia ya kisimani kwa miiba, na tangu siku hiyo hawajapokezana hata mrija wa urwagwa. Huku kwetu mtu anaweza kukunyima mengi na bado akawa jirani. Akikunyima mrija wa pombe ya ndizi, huyo ni adui, na kilima chote kinajua.

Uadui wao una kanuni moja. Ladislas akisema jambo, Maman anafanya kinyume chake kabla jua halijazama. Alisema jogoo wetu anawika mapema mno, Maman akaenda sokoni akanunua wa pili. Alisema mwanamke mzee hana haja na sakafu ya saruji, wiki hiyo hiyo saruji ikapanda kutoka Bugarama. Nikimwambia mimi kitu, mtoto wake wa kumzaa, anaguna tu.

12 Machi

Leo, darasani kwa mwaka wa pili, niliweka tofali juu ya ubao nikainua upande mmoja polepole. Tofali halikusogea. Nikauliza: tofali hili linavutwa na nguvu gani? Wote wakajibu hakuna, si limetulia? Ndilo kosa la kila mwaka. Nikawaambia uzito wake unalivuta literemke, msuguano wa ubao unalizuia, na nguvu hizo mbili zikilingana, jumla yake ni sifuri. Ndiyo maana limekaa. Kukaa kimya si kwamba hakuna anayekuvuta.

Kisha, bila kuinua ubao zaidi, nikamwaga maji ya udongo chini ya tofali. Likaondoka lenyewe, likagonga dawati la mbele. Darasa likapiga makofi.

Nilirudi nyumbani nikijipenda sana. Nikawa namenya ndizi karibu na dirisha la jikoni, nikainua macho, nikaliona jiwe la Ladislas. Sikujipenda tena.

13 Machi

Nimewaambia habari za jiwe. Maman ameguna. Kaka yangu Védaste, ambaye anaishi Kigali na anajua kila kitu kwa simu, amecheka.

29 Machi

Umuganda, kazi ya wote ya mwisho wa mwezi. Kilima chote kimetoka na majembe, na kazi yenyewe niliiomba mimi. Kwenye mkutano nilisimama nikasema maji ya shamba la juu yanaingia jikoni kwetu, tuchimbiwe mtaro wa kuzuia mmomonyoko. Niyomugabo, shefu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, anaipenda mitaro hiyo kuliko chakula. Ladislas naye hakupinga, na hilo lilinishangaza mpaka nilipoelewa kwamba anataka udongo wake ubaki kwake. Basi kwa mara ya kwanza yeye na mimi tulitaka kitu kimoja, tukakichimba tukiwa tumepeana migongo.

Mtaro umepita hatua chache juu ya jiwe, mrefu, umenyooka, hauna pa kutokea, kama sheria inavyotaka, maji yasimame humo yazame taratibu.

Maman alisimama uani akitutazama. "Muchimbe hata mpaka Burundi," akasema kwa sauti ya kusikika juu. "Bintu bibaya bya kule bitashuka tu."

2 Aprili

Mvua kubwa mchana kutwa. Jikoni pakavu. Nimejisifu mbele ya Maman, akasema mvua haijamaliza.

7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari imeanza. Leo sigombani na mtu.

11 Aprili

Shule zimefungwa. Nimepanda kutazama mtaro. Umejaa mpaka mdomoni, vyura wameshapata mji. Nikafurahi. Kisha nikashuka kuelekea jiwe na kandambili zikanivuka. Udongo wote kati ya mtaro na jiwe umelowa, mwekundu, unateleza kama sabuni iliyosahaulika majini. Nyuma ya jiwe ardhi imepasuka. Ufa ni mrefu kuliko kitanda, na kidole changu kimeingia.

Nilisimama pale mvua ikininyeshea. Nimemwaga maji chini ya tofali. Mimi mwenyewe, mwalimu wa fizikia, na mudugudu mzima ukanisaidia kubeba jembe.

Ladislas alikuwa anakata majani ya migomba.

"Papa Ladislas," nikamwambia, "tufungulie hii maji njia. Jiwe itashuka."

"Hii jiwe iko hapa mbele babu yangu azaliwe."

"Iko hapa sababu udongo inaikamata. Udongo ikilowa, haitaweza tena."

Akaweka panga chini. "Mulilia maji inabaharibia jiko. Nikatoa shamba yangu, bakachimba. Leo munataka tufungue, udongo yangu yote ishuke kwenu. Njo vile munakulaka mashamba ya bantu, kidogo kidogo."

"Basi tuite wapasua mawe, walichome jiwe hili moto, walivunje."

"Bavunje jiwe ya mihogo ya bibi yangu?"

"Papa, Maman analala chini yake!"

"Ahame basi! Nani alimuambia alale kule?"

Nikageuka. Maman alikuwa mlangoni. Katika maneno yote yale alikuwa amesikia moja tu, ahame, na hapo hapo nilijua nimekwisha.

12 Aprili

Maman ametoa shuka zake nzuri, zile za wageni, amezitandika kitandani mwa chumba cha nyuma. Na usingizi wake wa mchana, ambao alikuwa akiulala sebuleni kwenye kiti, ameuhamishia huko pia.

"Mwenye anataka nihame," amesema, "akuye anibebe."

14 Aprili

Asubuhi nimepanda na jembe, nimekata mdomo wa mtaro upande wa bondeni, maji yaende kwenye nyasi mbali na jiwe. Yametoka kwa kelele. Nimerudi nimepakaa matope mpaka masikioni na moyo mweupe.

15 Aprili

Ladislas ameziba.

16 Aprili

Nimekata. Mchana nimempigia Védaste. Nikamwambia mwambie Maman aje nami kwenye chumba nilichotupangia wiki hii karibu na shule, wewe anakusikiliza. Védaste akasema kiwanja kikibaki kitupu Ladislas atasogeza mpaka wake mpaka kwenye choo chetu. Kisha akampigia Maman akamwambia asitoke. Mimi navuta huku, yeye anavuta kule, na mwanamke wa watu amekaa katikati juu ya shuka za wageni. Védaste angekuwa karibu ningempiga na chungu.

17 Aprili

Ameziba tena, safari hii kwa mawe.

18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimekata. Mungu anisamehe, mvua ilikuwa inakuja.

20 Aprili

Pasaka. Padri aliposema tupeane amani, Maman alimpa mkono mtu wa kushoto kwake, wa kulia, wa nyuma, akamfuata mpaka mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake. Ladislas alikuwa benchi la mbele yetu. Aligeuka. Mkono wake ulitoka kidogo kwenye koti, Maman akaanza kutafuta leso kwenye mkoba. Aliitafuta mpaka watu wakaketi.

Tuliporudi mtaro ulikuwa umezibwa. Aliziba kabla ya misa.

22 Aprili

Mchana nilimkokota Shefu Niyomugabo aje auone ufa kwa macho yake, maana jana kiganja changu chote kiliingia. Tukafika. Hakuna ufa. Pameshindiliwa udongo, juu yake pamelazwa majani ya migomba, safi kama kaburi jipya.

"Madamu," Shefu akasema, "iko wapi?"

Nikafukua kwa mikono. Ladislas alisimama pembeni. Shefu akatazama matope, akatazama viatu vyake. Akasema atamwita agronomu, bwana shamba wa sekta, na kwamba mtaro uliochimbwa kwa umuganda haubomolewi na mtu mmoja mwenye wasiwasi.

Mtu anaficha ufa ili mwanamke mzee afe bila ushahidi! Nilimwambia hivyo usoni, kwa Kiswahili cha Bukavu, mbele ya Shefu, na sitaandika mengine niliyosema. Ladislas aliokota jani moja la mgomba lililokuwa limeanguka, akalirudisha mahali pake.

24 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mvua haijakatika. Nilitoa wanafunzi nje wavute kamba, watano huku, watano kule, wamelingana mpaka kitambaa cha katikati kikasimama hewani kama kimegandishwa. Nikasema, mnaona, wote wanavuta, kitambaa hakiendi. Nguvu zikilingana hazimsogezi mtu. Tufanyeje? Wakasema tuongeze watu. Nikaongeza mmoja huku, wenzao wakaomba wa kwao, nikawapa, kamba ikasimama tena. Tukaendelea hivyo mpaka darasa likaisha, wote wamewekwa kwenye kamba, wamechoka, na kitambaa kiko pale pale.

Halafu wa upande wa kushoto wakachoka kusubiri kengele, wakaachia. Wa kulia wakaanguka wote chali kwenye matope.

Nilicheka pamoja nao. Saa nzima tulikuwa tunaongeza, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumpunguza mtu.

26 Aprili

Umuganda tena. Nilisimama nikaomba tuufunge mtaro. Watu wakacheka. Mwezi uliopita nilililia mtaro, mwezi huu naulilia tena. Mmoja akauliza mwezi wa tano nitalia nini.

Shefu, angalau, alikuja baadaye kumwamuru Maman atoke mpaka agronomu afike. Maman alimkaribisha, akamletea urwagwa, akamshikia mrija, akamuuliza habari za wajukuu. Shefu aliondoka akiimba. Amri aliisahau chini ya kiti.

29 Aprili

Mvua. Mlango wa chumba cha Maman haufungiki vizuri. Ukuta wa nyuma umeanza kusukumwa ndani.

1 Mei

Siku ya Wafanyakazi, hakuna shule. Asubuhi nilichukua jembe nikapanda kukata mtaro, nikakuta umekatwa.

Sikuwa mimi. Mdomo ulikuwa mpana, umechimbwa kwa utaratibu, umewekewa vipande vya migomba pembeni usibomoke, na maji yalikuwa yanakwenda bondeni kupitia katikati ya mihogo ya Ladislas mwenyewe. Mstari mzima wa mihogo ulikuwa umelala.

Nilimkuta nyuma ya jiwe, amepiga magoti. Alikuwa anashindilia udongo kwenye ufa kwa ngumi, kisha anafunika majani ya migomba, anayapanga yakipandana kama vigae ili maji ya mvua yateleze yasiingie. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni. Nilisimama muda mrefu kabla hajajua nipo. Yale majani ya tarehe ishirini na mbili. Nilidhani anaficha ushahidi, kumbe alikuwa anaogopa kama mimi, ila yeye hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Hii ufa inakunywa maji," akasema bila kugeuka. "Kila siku ninafunga, kila siku inafunguka. Mukono yote inaingia."

"Papa, umekata mtaro."

"Nimechelewa."

Nikakaa juu ya mgomba ulioanguka. Nikamweleza yote, kama ninavyowaeleza mwaka wa pili. Kwamba Védaste anavuta huku, mimi kule, Shefu anasema, na Maman hasogei. Kwamba tumeongeza watu kwenye kamba mpaka kilima kimekwisha. Kwamba duniani kuna mtu mmoja tu ambaye neno lake linamsogeza Maman, na mtu huyo alimwambia ahame, kwa hiyo Maman amekaa.

Aliacha kushindilia. Alinitazama, matope kwenye nyusi.

"Unataka nikuye nimuambie nini?"

"Mwambie abaki."

Mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona Ladislas anacheka. Haikuwa sura nzuri. Kisha ikaisha.

"Sifanyi hii ju yake," akasema. "Mama yako iko na kinywa mubaya kupita nyoka. Lakini jiwe iko yangu. Ikimuua, bantu batasema Ladislas njo aliua, na batasema kweli."

2 Mei

Baada ya misa ya asubuhi alipiga hodi. Tangu tujenge hapa sijawahi kumwona Ladislas uani kwetu. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, limelowa mabegani. Jogoo wote wawili walimkimbia.

Maman alikuwa anachambua maharage. Hakusimama. "Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mwenye amekufa, Maman Aurore. Nimekuya kukuambia kitu moja. Bakia."

"Nibakie wapi?"

"Hapa. Mu chumba ya nyuma. Nasikia mutoto anataka kukupeleka kukaa karibu na masomo. Usikubali. Weye ni muzee, hauna tena nguvu ya kuhama. Bakia mahali ulizoea."

Maman akaacha maharage. "Nani hana nguvu?"

"Si mubaya. Siye wote tumezeeka. Bantu kama weye, ukibahamisha banachanganyikiwa. Mi nimesema tu bakia. Ninakuomba."

Pale kwenye ninakuomba sauti yake ilikwaruza, na mikono, aliyokuwa ameishika mbele kama kanisani, ilianza kucheza. Nikaogopa Maman ataona. Maman alikuwa anamtazama kuanzia viatu mpaka kola, polepole, kama mtu anayechagua kitambaa sokoni. Alimtazama mpaka mimi nikaanza kuhesabu maharage.

"Ladislas," akasema, "weye njo utanipangia mahali pa kulala? Weye? Mwenye kuziba visima?" Akasimama, ungo ukaanguka. "Aurore! Leta godoro!"

"Maman, hata chai..."

"Godoro, nimesema! Na jogoo. Yote mbili!"

Aliondoka kabla ya saa sita, amekaa nyuma ya pikipiki ya moto-taksi na jogoo kwenye kila kwapa, akimtukana Ladislas kutoka kona ya kwanza mpaka shuleni. Wanafunzi wangu wote wamesikia. Mimi nilifuata kwa miguu na godoro kichwani. Nilipogeuka nyuma, Ladislas alikuwa bado amesimama uani kwetu peke yake, anaokota maharage yaliyomwagika, anayarudisha kwenye ungo.

4 Mei

Maman anakichukia chumba. Anasema kinanuka chaki. Sawa.

6 Mei

Lilishuka leo, baada ya chakula cha mchana.

Nilikuwa darasani. Mvua ilikuwa imepiga tangu asubuhi mpaka tukaacha kusikilizana, nikawaandikia zoezi ubaoni. Kisha nikasikia, si mlio wa radi, ni kitu kizito kinachoburutwa, kirefu, kama mtu anayeburuta kabati la mbao ghorofani, na kikaisha kwa kishindo kimoja ambacho madirisha yalikijibu. Sikuweka hata chaki chini. Nilikimbia nayo mkononi mpaka nyumbani.

Jiwe halikubingirika. Liliteleza, lilivyo, tambarare yake juu, likaja na udongo wake na migomba saba au kumi imesimama pembeni yake kama walinzi. Lilipita kwenye chumba cha Maman kana kwamba ukuta ulichorwa tu. Likasimama katikati ya sebule. Jiko halipo. Kitanda tulikipata baadaye. Kilikuwa chembamba kama mkeka, na shuka za wageni zimo ndani.

Saa hiyo ndiyo saa ya Maman ya kulala. Kila siku, baada ya chakula, bila kukosa. Niliketi kwenye matope nikalia kwa sauti mbele ya watu wote, mwalimu mzima, na sikuona aibu hata kidogo.

Ladislas alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa ameshaanza kufukua kwa mikono kabla hajaniona, akiita, "Maman Aurore! Maman Aurore!", ingawa alimwona akiondoka kwa macho yake. Nilimshika bega. Nikamwambia yuko shuleni, Papa, yuko shuleni. Aliendelea kufukua kidogo, kisha akaacha.

Ndipo Maman akafika, kitenge kimefungwa vibaya, amejaa mvua. Alitazama jiwe. Alitazama mahali pa kitanda.

Ladislas akajifuta uso, akasimama wima. "Ile jiwe iko yangu," akasema. "Mutu asiiguse."

"Kuya uibebe," Maman akajibu.

8 Mei

Leo jioni nilikuwa namchemshia Maman maji ya kuoga, nikawa najicheka moyoni jinsi nilivyomhamisha kwa akili. Nikaona nimwambie. Nikamweleza kamba, nguvu, Ladislas, kila kitu, nikingoja anirushie kandambili.

Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Unazania sikuelewa? Ule muzee miaka yote anatakaka nitoke. Siku moja anavaa koti ya misa, anashuka mpaka ku mulango yangu, mikono inatetemeka, anasema ananiomba. Ladislas, aombe? Niliona tu jiwe inakuya."

Nilikaa na sufuria mkononi. "Sasa kama ulielewa, mbona ulimtukana njia nzima?"

"Ulitaka nimuambie aksanti?" Alinishangaa kweli. "Mbele ya bantu?"

12 Mei

Agronomu wa sekta amefika. Amesema mtaro ule haukupaswa kuchimbwa pale. Shefu Niyomugabo ametikisa kichwa sana kukubali, kana kwamba amekuwa akisema hivyo tangu Machi. Na mimi ndiye niliyeuomba.

19 Mei

Jua. Kilima kinatoa mvuke.

Maman bado analala kwangu, lakini kila asubuhi anapanda moto-taksi kwenda kukaa uani, kwenye kiti, kulinda nusu ya nyumba iliyobaki asije mtu akaiba. Leo nilikuwa naye. Ladislas akashuka na kikapu. Hakupiga hodi. Alipita mbele yetu kama tumeumbwa kwa udongo, akapanda juu ya jiwe, katikati ya sebule yetu iliyobaki bila paa, akaanika mihogo yake. Akaondoka.

Nikangoja Maman awamwagie kuku mihogo hiyo. Aliinuka, akachukua ufagio, akaisogeza mihogo ya Ladislas upande mmoja wa jiwe, taratibu, kisianguke hata kipande. Kisha akaleta yetu akaianika upande wa pili. Katikati aliacha nafasi ya kiganja.

Alasiri wingu likaja kutoka upande wa Bukavu. Maman akaelekeza uso juu shambani, akapaza sauti bila kutaja jina la mtu: "Mvua iko inakuya! Mwenye mihogo atoe mihogo yake!"

Ladislas alishuka mbio. Hakusalimia, hakusalimiwa. Alikusanya ya kwake kwenye kikapu, akafika kwenye ile nafasi ya kiganja, akasimama. Tone la kwanza likampiga kichwani. Akakusanya na ya kwetu, yote, kwenye kikapu hicho hicho, akapanda nayo kwake.

"Mwizi!" Maman akauambia mgongo wake.

Tumerudi chumbani sasa, mvua inapiga bati. Maman hajaacha kusema juu ya mihogo yake. Kesho asubuhi atapanda kule juu, anasema, mpaka mlangoni kwa yule mzee, akaidai, amwambie maneno ambayo hajawahi kuambiwa. Ameshatoa kitenge chake cha misa na kukitandaza kitini, kisiwe na mikunjo.